Baiskeli ya milimani: Mwanamke apime kimo kabla ya kuhesabu noti

ASUBUHI ya Jumamosi kando ya barabara katika miji mingi nchini, baiskeli za mitumba huwa zimepangwa kwa safu, zimepanguswa vumbi na kupakwa mafuta hadi zinang'aa. Mwanamke anayefika hapo kununua baiskeli kwa mara ya kwanza aghalabu huelekezwa upesi kwenye ile ya rangi ya waridi au zambarau. Huambiwa hiyo ndiyo "ya akina mama".

Hulipa, akaisukuma hadi nyumbani, na baada ya majuma machache baiskeli huwa imeegemezwa ukutani, imeanikwa nguo.

Majirani husema ni uvivu. Ukweli ni kwamba huenda mgongo ulimuuma, mikono ikafa ganzi, au aliteremka mteremko mmoja wa changarawe akagundua kuwa vidole vyake havifikii breki vyema. Mnunuzi huyo aliuziwa rangi, na kwa mwenye kipato kidogo hilo ni kosa ghali kwa sababu hana fedha za kununua mara ya pili.

Baiskeli ya milimani, yenye tairi pana zenye vishikizo na usukani ulionyooka, inafaa sana barabara zetu za murram, mashimo na matuta. Chimbuko lake ni kaunti ya Marin katika jimbo la California, Marekani, ambako katika miaka ya sabini vijana walichukua baiskeli kuukuu na nzito wakateremka nazo Mlima Tamalpais. Breki zao zilipata moto hadi grisi ikayeyuka na kufuka moshi, hivyo kila baada ya mteremko iliwalazimu kupaka grisi upya.

Mchezo huo ulipoingizwa katika Olimpiki jijini Atlanta mwaka 1996, wanawake walishindana mwaka huo huo sawa na wanaume. Paola Pezzo wa Italia alitwaa dhahabu, kisha akaitwaa tena Sydney mwaka 2000.

Humu nchini hali ilikuwa tofauti. Kwa miaka mingi baiskeli iliyojulikana vijijini ni ile nyeusi ya chuma, nzito, yenye paipu ya juu iliyolala mlalo. Msichana aliyevaa sketi hakuweza kuivuka kwa staha, naye mtoto mfupi alilazimika kupitisha mguu mmoja chini ya paipu hiyo ili afikie pedeli ya pili. Matokeo yake ni kwamba wanawake wengi wamefika utu uzimani bila kujifunza, na wanapotaka kuanza hawana wa kumuuliza ila muuzaji mwenyewe.

KIMO KWANZA

Jambo la kwanza la kuzingatia ni fremu, kwani ndiyo sehemu pekee isiyoweza kubadilishwa. Kiti, usukani, tairi na hata breki hubadilishwa na fundi. Fremu kubwa kupita kiasi itabaki kuwa kubwa.

Fremu hupimwa kwa inchi, kuanzia katikati ya pale mikono ya pedeli inapoungana hadi juu ya paipu inayoshika kiti. Kwa kawaida, mwanamke mwenye kimo cha kati ya sentimita 150 na 157 hufaa fremu ya inchi 13 au 14. Mwenye sentimita 158 hadi 167, yaani takriban futi tano na inchi mbili hadi futi tano na nusu, hufaa inchi 15 au 16. Aliye na sentimita 168 hadi 177 hufaa inchi 17 au 18.

Hata hivyo, viwanda havipimi kwa namna moja, kwa hivyo mwili wa mnunuzi ndio hakimu wa mwisho. Asimame ameitagaa baiskeli, nyayo zote mbili zikiwa zimetua chini, akiwa amevaa viatu atakavyoendeshea. Kati yake na paipu ya juu pabaki nafasi isiyopungua sentimita tano. Nafasi hiyo si anasa. Njiani kwenye mawe na mizizi mwendeshaji husimama ghafla, na pasipokuwa na nafasi hapo huumia vibaya.

Baada ya hapo akae kitini. Kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka. Akiweka sehemu ya mbele ya wayo, goti litajikunja kidogo, na ndivyo inavyotakikana. Mikono nayo ishike usukani huku viwiko vimekunjika kidogo. Akihisi kwamba anajinyoosha kama anayefikia kitu juu ya kabati, fremu hiyo ni ndefu kwake.

JE, KUNA BAISKELI YA KIKE?

Kwa muda mrefu viwanda viliuza baiskeli za wanawake kwa dhana kwamba mwanamke ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi kuliko mwanamume wa kimo sawa. Katika miaka ya karibuni kampuni kadhaa kubwa ziliachana na fremu hizo maalumu baada ya kubaini kuwa tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa kuliko tofauti kati ya jinsia. Nyingine zingali zinaziunda.

Kwa mwenye bajeti ndogo, hii ni habari njema. Hana haja ya kungoja baiskeli yenye maandishi ya kike. Anaweza kuchukua yoyote inayolingana na kimo chake, kisha akarekebisha sehemu tatu zinazogusa mwili.

Ya kwanza ni kiti. Uzito wa mwendeshaji hubebwa na mifupa miwili ya makalio, na kwa wastani mifupa hiyo imeachana zaidi kwa wanawake. Njia rahisi ya kuipima ni kukalia kipande cha katoni kwenye kiti kigumu, kisha kupima umbali kati ya vitovu vya mabonyeo mawili yanayobaki. Kiti kinapaswa kuwa kipana kidogo kuliko kipimo hicho. Kiti kinene chenye sponji nyingi huvutia dukani, lakini katika safari ndefu sponji hubonyea na kubana nyama laini, maumivu yakazidi.

Ya pili ni mikono ya breki. Mara nyingi pana skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na usukani ili ifikiwe na vidole vifupi. Ya tatu ni usukani wenyewe. Ukiwa mpana kupita mabega kwa kiasi kikubwa, fundi anaweza kuukata kwa msumeno pande zote mbili kwa kipimo sawa.

BREKI, SPRINGI NA GIA

Wauzaji hupenda kusifu breki za diski. Ni kweli kwamba diski nzuri hushika vyema hata kwenye matope na mvua. Lakini diski duni za waya zinazofungwa kwenye baiskeli za bei ya chini huhitaji kurekebishwa mara kwa mara, na zile zinazotumia mafuta huhitaji vifaa ambavyo fundi wa mtaani huenda hana. Breki za raba zinazobana rimu, zikiwa na raba mpya na waya mpya, zinamtosha anayeanza, na hakuna soko lisilo na fundi anayezijua.

Pia pana tamaa ya springi. Baiskeli yenye springi mbele na nyuma hupendeza macho, ila ikiwa ya bei ya chini springi zake huwa vyuma vizito visivyofyonza mtikisiko ipasavyo. Isitoshe, kila mwendeshaji anapokanyaga pedeli, sehemu ya nguvu zake huishia kwenye springi ya nyuma inayocheza. Anayeanza anashauriwa achague yenye springi mbele pekee, au isiyo nayo kabisa. Uzito wa kilo 13 hadi 15 ni wa kuridhisha. Kama hawezi kuinyanyua hadi kwenye ngazi za nyumba anamoishi, hataitumia.

Mtikisiko pia hupunguzwa na tairi. Tairi yenye upana wa inchi mbili, ikijazwa upepo wa kati ya paundi 30 na 40 badala ya kujazwa hadi igumike kama jiwe, hulainisha njia bila gharama yoyote.

Kuhusu gia, idadi pekee haimaanishi mengi. Baiskeli yenye gia 21 ni ile yenye magurudumu matatu ya meno mbele na saba nyuma, na baadhi ya michanganyiko hiyo hukaribiana mno. La muhimu ni gia nyepesi kuliko zote, kwani ndiyo itakayompandisha mlima. Mnunuzi ahesabu meno. Iwapo gurudumu dogo la mbele lina meno 22 na kubwa la nyuma lina 34, pedeli ikizunguka mara moja tairi la nyuma huzunguka takriban theluthi mbili tu ya mzunguko, na mlima huwa mwepesi. Iwapo la mbele lina 34 na la nyuma 28, tairi huzunguka zaidi ya mara moja, na mwanamke huyo atashuka na kusukuma.

KUKAGUA MTUMBA

Kwa fedha zile zile, mtumba mzuri wa kampuni yenye sifa mara nyingi huishinda baiskeli mpya ya bei ya chini. Lakini mtumba hautaki haraka.

Kwanza, fremu ikaguliwe kwenye viungo vilivyochomelewa, hasa nyuma ya usukani na karibu na pedeli. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba yaweza kuwa ufa, na fremu yenye ufa haifai kwa bei yoyote.

Pili, baiskeli ipinduliwe na magurudumu yazungushwe. Rimu inayoyumba kidogo hunyooshwa kwa kukaza spoki. Inayogusa fremu ni ya kutiliwa shaka. Mkono wa pedeli nao ushikwe na kutikiswa kuelekea kushoto na kulia. Ukicheza, gololi za ndani huenda zimekwisha.

Tatu, breki ya mbele ikamatwe na baiskeli isukumwe mbele na nyuma. Mgongano unaohisika chini ya usukani ni dalili ya kulegea au kuchakaa.

Nne, mnyororo upimwe kwa rula. Vipingili 24 vya mnyororo mpya vina urefu wa inchi 12 kamili. Vikizidi kwa milimita moja na nusu, mnyororo unahitaji kubadilishwa. Vikizidi kwa milimita tatu, yamkini meno ya gia nayo yameliwa, na gharama hiyo yapaswa kupunguzwa kwenye bei.

Tano, nambari iliyogongwa chini ya fremu, karibu na pedeli, iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinaharamisha kupokea mali ya wizi huku mtu akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 14. Bei ya chini ajabu kutoka kwa asiyetaka kuandika risiti ni sababu tosha ya kuondoka.

FEDHA ZISIISHIE KWENYE BAISKELI

Mwenye Sh20,000 mkononi asiende kutafuta baiskeli ya Sh20,000. Atenge robo, yaani Sh5,000, kabla hajatoka nyumbani. Fedha hizo ni za kofia ngumu, raba na waya mpya za breki, tyubu ya akiba, viraka, pampu na kufuli.

Kofia isinunuliwe mtumba, kwani iliyowahi kugongwa huenda imeharibika ndani bila kuonekana nje. Ndani yake mna kibandiko cha viwango. EN 1078 ni cha Ulaya na CPSC ni cha Marekani. Ikivaliwa, ikae vidole viwili juu ya nyusi, si kisogoni.

Mnunuzi aangalie pia aina ya magurudumu. Yale ya inchi 26 yameachwa na viwanda vingi vinavyounda baiskeli za bei ghali, ila tairi na tyubu zake hupatikana kwa urahisi madukani humu nchini, nayo humfaa mwanamke mfupi. Tyubu yenye valvu nene kama ya gari inaweza kujazwa upepo katika kituo cha petroli.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mnunuzi aombe kuiendesha baiskeli kabla ya kulipa, apande kilima kidogo, ateremke, afunge breki, abadilishe gia zote. Anayehofia barabara yenye matatu na pikipiki anaweza kukodi baiskeli kwanza katika Msitu wa Karura jijini Nairobi, au katika Mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, ambako wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli. Saa mbili za kukodi zitamfunza kimo kinachomfaa kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Akishapata inayomtosha, hata iwe ya rangi iliyochujuka, ataiendesha. Na siku ambapo nauli ya matatu itapanda tena, haitakuwa imeanikwa nguo.