Pikipiki Mpya, Ubovu wa Kila Wiki na Maandishi ya Chini ya Risiti

"Wakili, pikipiki ina mwezi mmoja na injini imeshafunguliwa mara tatu. Lakini risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo hapo hakuna kesi, au siyo?"

Swali hili nimeulizwa Kashai, nimeulizwa stendi ya Muleba, nimeulizwa hata msibani Kamachumu. Anayeuliza huwa ameshajijibu, anataka tu mwanasheria amwambie kwamba amekwisha kupoteza. Hajapoteza. Nalijibu hapa kwa urefu ili lisinifuate tena, maana imani hii imewagharimu watu wa mkoa huu fedha nyingi za jasho.

Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" hayakutungwa na Bunge. Yametungwa na mwenye duka, au na aliyemchapia kitabu cha risiti. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema jambo jingine kabisa. Ukinunua bidhaa kwa maelezo yake, kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, ndani ya mkataba wenu kuna sharti hata kama hakuna aliyelitamka: bidhaa iwe na ubora wa kuuzika. Soma kifungu cha 16. Pikipiki iliyounganishwa dukani wiki tatu zilizopita, na sasa inachemsha na kuzima kila ikipanda Kamachumu, haina ubora huo.

Wapo wanaonibishia kwamba sheria hiyohiyo inaruhusu pande mbili kukubaliana kuliondoa sharti hilo. Ni kweli, inaruhusu kukubaliana. Wewe ulikubali lini? Mlipatana bei, ukahesabu noti, ukakabidhiwa ufunguo, ndipo risiti ikatoka mashineni. Mkataba ulikuwa umeshafungwa kabla karatasi haijachapwa, na muuzaji hana mamlaka ya kuuongezea sharti peke yake baada ya hapo. Uingereza, ambako sheria yetu hii ilichotwa, walilimaliza jambo hilo mwaka 1940 katika kesi ya Chapelton. Mtu alikodi kiti ufukweni huko Wales, kitambaa cha kiti kikachanika, akaanguka na kuumia. Halmashauri iliyokodisha ikaonyesha tiketi, nyuma yake imeandikwa kwamba haitawajibika kwa ajali. Mahakama ya Rufani ikasema tiketi ile ilikuwa ushahidi wa malipo tu, na mtu hatazamiwi kukuta masharti ya mkataba humo. Risiti ya pikipiki yako ina nguvu gani zaidi ya hiyo?

Juu ya hayo ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Nayo inaweka masharti ya ubora katika mikataba ya mlaji, tena inamzuia muuzaji kuyafuta kwa maandishi yake. Mlaji anayetajwa humo ni anayenunua si kwa ajili ya kuuza tena, kwa hiyo kijana wa bodaboda aliyenunua chombo akitafutie riziki asikubali kuambiwa kwamba haimhusu.

Wenye maduka wataendelea kuchapa maneno yao. Kinachonikera zaidi ni anachofanya mnunuzi akishayaamini. Harudi dukani. Anaipeleka pikipiki kwa fundi chini ya mwembe, injini inafunguliwa, pistoni inabadilishwa, spea za bei rahisi zinaingia. Inatembea siku nne, inazima tena. Anaazima hela, anarudi kwa fundi yuleyule. Mwezi wa tano ndipo ananipigia simu, na hapo kweli nina kazi ngumu, kwa sababu risiti haikuwa imemnyima chochote, ila miezi mitano imemnyima. Sheria inasema ukikaa na bidhaa kwa muda wa kutosha bila kumwambia muuzaji kwamba unaikataa, umeipokea. Ukishaipokea, haki ya kuirudisha inakwisha na unabaki na madai ya fidia.

Na muda huo unaweza kuwa mfupi kuliko mnavyodhani. Mwaka 1984 mtu mmoja aitwaye Bernstein alinunua Nissan mpya kabisa huko London. Baada ya wiki tatu na takriban maili 140, injini ilikwama akiwa barabarani: tone la gundi ya kuzibia lilikuwa limeingia kwenye njia ya oili. Katika hukumu iliyochapishwa mwaka 1987, jaji alikubali kwamba gari halikuwa na ubora wa kuuzika, akampa fidia, lakini akamkatalia kulirudisha, kwa kuwa wiki tatu zilitosha kulijaribu. Waingereza wameirekebisha sheria yao tangu wakati huo. Yetu ina maneno yaleyale ya zamani, na ingawa hukumu ile haizifungi mahakama zetu, wakili wa muuzaji ataisoma. Ataongeza kwamba ulichagua chombo kilekile kilichosimama mbele yako, umiliki ukahamia kwako papo hapo, hivyo dai fidia tu. Jiandaeni kwa hoja hiyo.

Vijana wananitumia video za Marekani, wakiniuliza gari au pikipiki iende gereji mara ngapi ndipo mtu arudishiwe hela. Kule California sheria inahesabu: gereji mara nne kwa tatizo lilelile, au jumla ya siku zaidi ya 30 bila gari, ndani ya miezi 18 au maili 18,000 za mwanzo. Tanzania haina hesabu hiyo. Anayesubiri ifike mara ya nne akiwa Muleba anaziacha siku zake zipite.

Utetezi mwingine mtakaokutana nao: "Umepakia mikungu ya ndizi, umeiua mwenyewe." Basi siku ya kununua mweleze muuzaji, mbele ya shahidi, kwamba chombo kitabeba ndizi na magunia ya kahawa kutoka Nshamba, kisha umwombe akushauri kipi kinafaa. Ukitaja jina la kampuni tu na kulipa, sheria inaweza kukuacha bila kinga kuhusu kazi hiyo mahususi. Mwaka 1925, katika kesi ya Baldry, mnunuzi aliwaambia wauzaji anataka gari la starehe linalofaa kwa safari, nao wakampendekezea Bugatti, ambalo halikufaa. Jina la Bugatti halikuwaokoa.

Sasa ya kufanya, kwa haraka. Ubovu ukionekana, acha kukitumia chombo. Andika barua wiki hiyohiyo: tarehe, tatizo, na neno "nakikataa". Hulazimiki kukisukuma hadi dukani, kumjulisha muuzaji kunatosha. Nakala igongwe muhuri au isainiwe, na ujumbe wa simu usiufute. Injini isiguswe na fundi wako; kama kuna waranti, afungue fundi wa muuzaji, na kila mara udai karatasi ya kazi aliyofanya. Tunza risiti ya EFD. Kama chombo ni cha mkataba na bosi, aliyenunua dukani ni yeye, kwa hiyo yeye ndiye aandike. Gari uliloagiza mwenyewe Japani kwa mtandao, muuzaji yuko Japani, wakala wa forodha hakukuuzia kitu. Gari la mtumba hupimwa kwa umri na bei yake, usilidai ubora wa jipya. Polisi si mahali pa kudai injini, labda kama ulitapeliwa. Lalamika Tume ya Ushindani, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza. Ikishindikana nenda mahakamani Bukoba au Muleba, karani atakuelekeza ngazi kulingana na kiasi unachodai. Madai ya mkataba yana miaka sita, ila miaka hiyo ni ya kufungua kesi, haiongezi hata siku moja kwenye muda wa kukataa chombo. Na asiyejua kuandika amtafute wa kumwandikia leo, aweke dole gumba, shahidi asaini pembeni.