Mlo wa Mja Mzito na Afya ya Utumbo

Mwaka 2006 Burundi iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Hatua hiyo ilimfungulia mama mlango wa hospitali. Lakini usalama wake huanzia jikoni.

Katika mtaa wa Buyenzi, kama kwingineko Bujumbura, mja mzito alaye ugali wa muhogo mchana na jioni bila kitoweo cha maana hushiba, lakini utumbo wake hudhoofika. Vichocheo vya mimba hulegeza misuli ya utumbo, chakula kikapita polepole, na mlo duni huzidisha adha hiyo.

Hatari kubwa zaidi iko hapa: vidonge vya madini ya chuma, vitolewavyo ili kuzuia upungufu wa damu, navyo aghalabu hufunga choo. Mama aliyechoshwa na maumivu huviacha kimya kimya, akaifikia siku ya kujifungua na damu haba. Hapo akivuja damu nyingi, uhai wake umo mashakani.

Kinga haiko mbali. Maharagwe na lengalenga zina nyuzinyuzi zinazolainisha choo na kuvilisha vijidudu vyema viishivyo utumboni. Ndagala wa Ziwa Tanganyika huongeza protini, na chungwa huusaidia mwili kupokea madini ya chuma. Maji safi nayo ni ya lazima.

Hivyo basi, vidonge visiachwe bila shauri la mkunga. Naye mume atoaye fedha za sokoni atambue kwamba fungu la mboga si anasa, bali ni sehemu ya matibabu.