Mbio za Francine Niyonsaba na Kanuni Zilizomfuata

Mwezi Septemba 2025 macho ya wakazi wa Kigali yalikuwa barabarani. Mashindano ya Dunia ya mbio za baiskeli za barabarani yalikuwa yamefika Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake, na kuanzia tarehe 21 hadi 28 waendeshaji kutoka mabara yote walipanda na kushuka vilima vya mji huo huku umati ukiwashangilia. Si ajabu basi kwamba habari nyingine ya michezo, iliyotoka Tokyo katika majuma hayo hayo, haikusikika sana. Huko Japani, katika Mashindano ya Dunia ya riadha yaliyomalizika tarehe 21, kila mwanamke aliyesimama kwenye mstari wa kuanzia alikuwa ametakiwa kwanza apimwe jeni, ili ithibitike kwamba anaruhusiwa kushindana na wanawake wenzake.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Huchukuliwa chembe za ndani ya shavu, au damu kidogo, na maabara hutafuta jeni moja iitwayo SRY, ambayo kwa kawaida hupatikana katika kromosomu Y. Hufanywa mara moja tu katika maisha ya mchezaji. Shirikisho la Riadha Duniani lilitangaza kwamba sharti hilo lianze tarehe 1 Septemba 2025, na kazi ya kusimamia vipimo ikakabidhiwa vyama vya riadha vya nchi wanachama. Kwa hiyo jambo hili limeshafika Kigali, hata kama halijazungumzwa sana. Na anayetaka kujua limetoka wapi hana haja ya kwenda mbali. Sehemu kubwa ya jibu iko ng'ambo ya mto Akanyaru, katika maisha ya mkimbiaji mmoja wa Burundi.

Francine Niyonsaba alizaliwa tarehe 5 Mei 1993 katika mkoa wa Ruyigi, mashariki mwa Burundi, mwaka ule ule ambao nchi yake iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 19 na bila jina lolote nje ya nchi yake, alikwenda Porto-Novo, Benin, akashinda mbio za mita 800 za ubingwa wa Afrika. Wiki chache baadaye alikuwa katika fainali ya Olimpiki mjini London, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amekimbia mjini Brussels kwa dakika 1 sekunde 56.59.

Mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja. Ni umbali mfupi mno kwa mtu kujipumzisha njiani, na ni mrefu mno kwa mtu kukimbia kwa nguvu zake zote tangu mwanzo. Mzunguko wa kwanza ukikimbiwa kwa haraka kupita kiasi, miguu hujaa uchovu katika mita 200 za mwisho, na hapo ndipo mbio nyingi hupotea. Niyonsaba alikuwa na desturi ya kukimbia mbele na kuwalazimisha wengine wamfuate. Desturi hiyo inataka moyo, kwa maana anayeongoza hawaoni wapinzani wake.

Mwezi Machi 2016 alipata ubingwa wa dunia wa uwanja wa ndani huko Portland, katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako alikuwa akifanyia mazoezi. Mwezi Agosti mwaka huo huo, Rio de Janeiro, alipata nishani ya fedha ya Olimpiki kwa dakika 1 sekunde 56.49, nyuma ya Caster Semenya wa Afrika Kusini na mbele ya Margaret Wambui wa Kenya. Ilikuwa nishani ya pili tu katika historia ya Burundi kwenye Michezo ya Olimpiki. Mwaka 2017 alipata tena nishani ya fedha katika Mashindano ya Dunia ya London, na mwezi Julai mwaka huo huko Monaco alikuwa amekimbia kwa dakika 1 sekunde 55.47. Mwaka 2018, mjini Birmingham, aliutetea ubingwa wake wa uwanja wa ndani. Kwa kipimo chochote alikuwa miongoni mwa wanawake wawili au watatu bora wa mbio hizo duniani.

Ndipo kanuni zikabadilika. Itakumbukwa kwamba mwaka 2011 shirikisho la riadha lilikuwa limeweka kikomo cha homoni ya testosteroni kwa wanawake ambao miili yao, kwa maumbile, huitoa kwa wingi kupita kawaida. Mwezi Julai 2015 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliisimamisha kanuni hiyo, baada ya Dutee Chand, mkimbiaji wa India, kulalamika. Mbio za Rio zilikimbiwa katika kipindi hicho cha katikati, wakati hapakuwa na kikomo. Lakini mwaka 2018 shirikisho lilitunga kanuni mpya, na mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei 2019, mahakama ile ile ikayakataa malalamiko ya Semenya. Wiki moja baadaye kanuni ikaanza kazi. Mwanamke mwenye maumbile ya aina hiyo alitakiwa apunguze testosteroni yake hadi chini ya nanomoli 5 kwa lita ya damu na kuiweka hapo kwa miezi sita, kama alitaka kukimbia mbio za kimataifa kuanzia mita 400 hadi maili moja. Njia ya kuipunguza ni dawa, au upasuaji.

Mwezi Aprili 2019 Niyonsaba alisema hadharani kwamba yeye ni mmoja wa wanaohusika. Wambui naye alikuwa mmoja wao. Washindi wote watatu wa Rio, kwa hiyo, walizuiwa kukimbia mbio zilizowapatia nishani, nao hawakuwa wametumia dawa yoyote iliyokatazwa wala kumdanganya mtu.

Haki inataka upande wa pili nao usikilizwe. Michezo imewatenga wanawake na wanaume kwa sababu testosteroni ya ujana wa kiume hujenga misuli, huongeza damu na kuimarisha mifupa, na tofauti hiyo haifidiwi kwa mazoezi. Wanawake waliofika wa nne, wa tano na wa sita mjini Rio walikuwa pia wamejinyima kwa miaka mingi, na swali lao kwamba mbio za wanawake ziwe na mpaka gani si swali la chuki. Shida ni kwamba jibu lililotolewa halikulingana na ushahidi uliokuwapo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 na wanasayansi wa shirikisho lenyewe ulidai kuonyesha tofauti hata katika kutupa nyundo na kuruka kwa upondo, lakini kanuni haikuigusa michezo hiyo. Ikaigusa maili moja. Na mwezi Agosti 2021 wanasayansi hao hao walichapisha sahihisho wakikiri kwamba matokeo yao hayakuthibitisha kuwa homoni ndiyo iliyokuwa chanzo cha tofauti walizoziona. Wakati huo Niyonsaba alikuwa ameshaondolewa katika mita 800 kwa zaidi ya miaka miwili.

Yeye hakukubali dawa. Alichagua kuhamia masafa ambayo kanuni haikuyafikia. Jambo hili linaweza kusemwa kwa maneno machache, lakini ugumu wake ni mkubwa. Mtu aliyezoea kazi ya dakika mbili alijipa kazi ya nusu saa. Mapafu, moyo, ulaji, mazoezi ya kila juma, hata namna ya kuwaza ndani ya mbio, vyote vilibidi vibadilike, naye akiwa na miaka 26. Burundi ilikuwa na mfano wa zamani. Vénuste Niyongabo, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 mjini Atlanta mwaka 1996, alikuwa mkimbiaji wa mita 1,500 aliyemwachia mwenzake Dieudonné Kwizera nafasi yake katika mbio hizo. Niyongabo alihama kwa hiari, na kwa ukarimu. Niyonsaba alihama kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa.

Msimu wa 2021 ulikuwa wa ajabu. Katika Michezo ya Tokyo aliondolewa katika mchujo wa mita 5,000 kwa kosa la kukanyaga nje ya njia, kisha siku chache baadaye akamaliza wa tano katika mita 10,000 kwa dakika 30 sekunde 41.93. Mwezi Septemba alishinda mita 5,000 huko Brussels, akashinda tena katika fainali ya Ligi ya Almasi huko Zurich, na tarehe 14, mjini Zagreb, akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 ya dakika 5 sekunde 21.56. Rekodi iliyotangulia, ya Sonia O'Sullivan wa Ireland, ilikuwa imedumu tangu mwaka 1994. Wale waliokuwa wakisema kwamba nguvu zake zote zilitokana na homoni ya mbio fupi walipata kazi ya kueleza.

Mwaka 2022 jeraha la mguu lilimnyima Mashindano ya Dunia ya Eugene. Mwezi Machi 2023 kanuni zikamfuata huko alikohamia. Shirikisho lilitangaza kwamba kuanzia tarehe 31 ya mwezi huo kikomo kitahusu michezo yote ya riadha, kwamba kitashuka hadi nanomoli 2.5, na kwamba kitalazimika kudumu kwa miezi 24. Mita 5,000 na mita 10,000 hazikuwa tena kimbilio. Rekodi yake ya mita 2,000 ilivunjwa na Jessica Hull wa Australia mwezi Julai 2024, kama rekodi zote zinavyovunjwa.

Katika nchi jirani ya Uganda kuna habari nzito zaidi. Annet Negesa, aliyeshinda mita 800 katika Michezo ya Afrika ya Maputo mwaka 2011, aliondolewa kabla ya Olimpiki ya London, na mwaka huo wa 2012 akafanyiwa upasuaji. Hakurudia tena kasi yake. Mwaka 2019 alisimulia mambo hayo hadharani akiwa Ujerumani. Shirikisho lilikana kuhusika na upasuaji huo.

Vipimo vya jeni navyo si vipya. Vilitumika katika Olimpiki tangu miaka ya 1960. Mjini Kobe mwaka 1985 vilimfukuza mchezoni María José Martínez-Patiño wa Hispania, ambaye mwili wake haukuweza kabisa kuitumia testosteroni, na ambaye baadaye alirudishiwa haki ya kushindana. Mjini Atlanta mwaka 1996 wanawake wanane walionekana na dosari katika kipimo, na wote wanane wakaruhusiwa kushindana. Kabla ya Michezo ya Sydney ya mwaka 2000 vipimo vya lazima vikaachwa. Kanuni ya 2025 imejifunza kitu kutokana na historia hiyo, kwa maana inawaacha huru wanawake wenye hali kama ya Martínez-Patiño. Lakini wao pia hawana budi kupimwa na kuchunguzwa kwanza.

Mahakamani mambo hayajatulia. Tarehe 10 Julai 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Uswisi, ambako Semenya alikata rufani, haikuisikiliza kesi yake kwa uzito uliostahili. Uamuzi huo haukuifuta kanuni.

Rwanda ilianza kupeleka wanariadha katika Olimpiki mwaka 1984 mjini Los Angeles, na Marcianne Mukamurenzi alikuwa miongoni mwa hao wa kwanza. Mabinti wanaokimbia asubuhi katika miinuko ya Kigali leo ni wajukuu wa mbio hizo. Atakayefuzu kwenda mashindano ya dunia atapimwa, na jibu litarudi kutoka maabara. Kama jibu hilo si lile lililotazamiwa, binti huyo, ambaye huenda hajatimiza miaka 20 na hakuwahi kuwa na sababu ya kuushuku mwili wake, atahitaji daktari wa kumweleza kwa Kinyarwanda maana yake, faragha ya kulisikia, na muda wa kuamua kabla jina lake halijatolewa kwenye orodha ya timu. Kanuni imekabidhi usimamizi wa kipimo kwa vyama vya nchi. Daktari huyo, faragha hiyo na muda huo ni mambo ambayo chama cha riadha na wizara ya michezo vinaweza kuyaandaa kabla ya msimu ujao.