Umenunua Antivirusi, Kwa Nini Unazima Fayawoli?

"Fundi, nimeshaweka antivirusi ya full. Fayawoli sasa niizime, si ndiyo?"

Swali hili nimeulizwa mara tatu wiki hii. Wanaoliuliza ni watu wazima wenye elimu zao: mhasibu, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwalimu wa sekondari. Jibu ni hapana, usiizime. Lakini jibu hilo peke yake halimsaidii mtu, maana swali lenyewe hakulitunga yeye. Limetoka kwenye faili dogo la maandishi linalokuja pamoja na antivirusi ya kukraki, lile lenye maelekezo: kwanza zima Defender, pili zima fayawoli, tatu bofya hapa, nne washa upya kompyuta. Hapo ndipo watu wanapoumia, na hapo ndipo nitakapokaa.

Mwalimu huyo aliniletea laptopu yake akiwa ameikumbatia kifuani. "Shikamoo mwalimu," nikamwambia, akaitikia bila kukaa. Maswali ya mitihani aliyoyatunga kwa miaka sita, alama za moko za kidato cha nne, picha za harusi ya binti yake: kila faili lilikuwa limeongezewa herufi nne ngeni mwishoni mwa jina, na hakuna lililofunguka. Kila folda ilikuwa na faili jipya liitwalo _readme.txt. Ndani yake walidai dola 980, au dola 490 akilipa ndani ya saa 72. Mtu wa kazi hii akiona karatasi hiyo haulizi mara mbili. Ni STOP, ambayo wengine huiita Djvu, programu inayoteka mafaili na kudai fidia, na njia yake kuu ya kusambaa ni programu zilizokrakiwa. Nikamuuliza ameweka nini siku za karibuni. "Antivirusi tu," akasema. "Niliuziwa elfu tano, ipo kwenye flashi. Nikaambiwa ni full."

Najua utetezi utakaofuata, kwa kuwa nausikia kila siku: "Antivirusi zote huita kraki virusi, ni kawaida, wanalinda biashara yao. Puuza." Huu ndio uongo uliowagharimu watu wengi kuliko kirusi chochote ninachokijua. Ni kweli kwamba zipo kraki zinazopigiwa kelele kwa kuwa kraki tu, bila kubeba kingine. Sasa wewe, ukiwa umeketi sebuleni, utaitofautishaje hiyo na iliyobeba STOP? Zote mbili zinakuja kwa jina lilelile, zote zinapigiwa kelele, na zote zinakuambia uzime mlinzi kabla ya kubofya. Chombo pekee ambacho kingekutenganishia hii na ile ndicho ulichoambiwa ukizime. Kisha Windows inakuuliza kama unairuhusu programu hii ifanye mabadiliko kwenye kompyuta yako, nawe unabofya ndiyo. Umeipa mamlaka ya mwenye nyumba.

Tuseme una bahati, na kraki yako haikubeba kitu. Bado hujapata antivirusi. Kwenye Windows kuna faili liitwalo hosts, ndani ya folda ya System32\drivers\etc, linaloiambia kompyuta jina fulani la mtandaoni liko wapi. Kraki nyingi huandika humo majina ya seva za kampuni iliyotengeneza antivirusi na kuyaelekeza 127.0.0.1, yaani kwenye kompyuta yako mwenyewe. Lengo ni leseni isihakikiwe. Mara nyingi matokeo yake ni kwamba hata taarifa za virusi vipya haziingii. Nimefungua kompyuta ambayo alama ya kijani kibichi ilikuwa inang'aa pembeni ya skrini, mwenyewe akiionyesha kwa fahari, kumbe taarifa zake za mwisho zilikuwa za miezi minane nyuma. Mtu huyo angekuwa salama zaidi angebaki na Defender, antivirusi inayokuja na Windows, bila kulipa hata senti.

Na fayawoli inazimwa kwa nini? Programu halali haihitaji hilo. Fayawoli ya Windows, ilivyopangwa tangu mwanzo, huziachia programu zako zitoke kwenda mtandaoni, na huwazuia wanaokuja kugonga kutoka nje bila kuitwa. Programu ikihitaji kupokea wageni, Windows inakuuliza na kuifungulia hiyo moja tu. Anayekutaka uzime ukuta mzima hajakupa sababu, na hatakupa.

Kazi za vitu hivi viwili hazifanani, na historia inayo kesi ya wazi. Windows XP ilitoka mwaka 2001 ikiwa na fayawoli ndani yake, lakini ikiwa imezimwa. Agosti 2003 kikaja kirusi cha Blaster. Hakikuhitaji ubofye kitu wala ufungue barua pepe. Kompyuta ikiunganishwa tu na intaneti, kilibisha hodi kwenye mlango namba 135, kikapenya kwenye kosa ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake mwezi mmoja kabla, na kisanduku kikatokea kikihesabu sekunde 60 kabla kompyuta haijajizima. Watu wenye antivirusi waliweza kulifuta faili la kirusi, lakini kompyuta iliendelea kujizima, kwa sababu mashambulizi yaliipiga huduma yenyewe ya Windows hata kabla faili halijatua kwenye diski. Fayawoli iliyowashwa ilitosha kuyazuia. Agosti 2004 Microsoft ikatoa Service Pack 2, na kuanzia hapo fayawoli inakuja ikiwa imewashwa. Mei 2017 kirusi kingine, WannaCry, kilipita kwa mtindo huohuo kupitia mlango 445, kikiruka kutoka kompyuta moja hadi jirani yake kwenye mtandao mmoja. Wanaotumia Wai-fai moja hosteli nzima wanielewe.

Na kinyume chake ni hivyohivyo. Ile flashi uliyoichomeka kwenye duka la steshenari ukarudi nayo folda zote zimegeuka shotikati, fayawoli haiioni kabisa. Umeiingiza kwa mkono wako. Hiyo ni kazi ya antivirusi. Hakuna mtu wa Kibaha anayechana chandarua kwa sababu ana dawa ya mseto ya malaria kabatini.

Basi fanya hivi. Fungua Windows Security, uhakikishe antivirusi imewashwa na fayawoli imewashwa. Hiyo inamtosha mtu wa nyumbani. Ukitaka antivirusi nyingine, nunua leseni au chukua toleo la bure kutoka tovuti ya kampuni yenyewe. Defender itajiweka kando bila kuambiwa. Usiweke mbili zinazolinda muda wote, zitagombania kila faili unalolifungua na laptopu itakwama. Fayawoli pia ni moja. Kama antivirusi yako imekuja na yake, tumia hiyo na uache ya Windows ipumzike. Mchezo au printa ikikataa kuunganika, iruhusu programu hiyo peke yake. Ukiwa kwenye Wai-fai ya hoteli au mgahawa, chagua mtandao wa umma, si wa binafsi. Ruhusu Windows ijisasishe hata kama bando linauma. Kama bado uko Windows 10, ujue Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Na weka nakala ya mafaili yako kwenye diski ya nje ambayo ukimaliza unaichomoa, maana iliyoachwa imechomekwa itatekwa pamoja na zingine.

Mwalimu hakuwa na nakala. Kwa aina ya STOP iliyompata, ufunguo ulibaki kwa walioifunga, na nilimshauri asiwatumie hela. Alama za moko tulizipata, kwa sababu wiki moja kabla alikuwa amezituma kwa mtaaluma wa shule kupitia WhatsApp. Maswali na picha za harusi havikupatikana.