Fahamu: Vituo binafsi vya hali ya hewa vinavyotuma vipimo mtandaoni

Mvua inaweza kunyesha Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, huku upande wa pili wa mlima ukiwa mkavu. Mlima huo, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, huzuia upepo wenye unyevu, hivyo miteremko ya kusini hupata mvua nyingi kuliko ya kaskazini. Kituo kimoja hakiwezi kusemea pande zote.

Kituo binafsi ni nini?
Ni kifaa cha nyumbani, shambani au shuleni kinachopima joto, unyevu, upepo na mvua, kisha kutuma vipimo mtandaoni kila baada ya dakika chache. Weather Underground ya Marekani hukusanya vipimo vya vituo zaidi ya 250,000. Barani Afrika, mradi wa TAHMO hufunga vituo vingi shuleni. Lengo lake ni vituo 20,000.

Kifungwe wapi?
Kipimajoto kikingwe na jua, mita 1.25 hadi 2 kutoka ardhini. Juu ya bati kitadanganya. Kipimamvua kiwe mbali na miti na kuta. Kipimo sanifu cha upepo huchukuliwa mita 10 juu, mahali pa wazi.

Vina faida gani?
Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mkulima anaweza kukadiria maji ya kumwagilia.

Je, vinatosha kutabiri?
Hapana. Vinaeleza kilichopo sasa. Utabiri na tahadhari rasmi ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Waulize kuhusu usajili kabla ya kufunga kituo.