Ndege ya kwanza ya rimoti: Mengi huamuliwa kabla haijaruka

Ndege ndogo ya rimoti inayotumia betri inaweza kuundwa nyumbani na mwanafunzi wa sekondari, kijana wa chuo cha ufundi au mzazi anayetaka kumfunza mwanawe sayansi kwa vitendo. Hata hivyo, mara nyingi ndege ya kwanza huanguka punde tu baada ya kurushwa, na akiba ya miezi kadhaa huishia hapo. Makosa mengi yanayoiangusha hufanyika ikiwa ingali mezani, ambapo kuyarekebisha ni rahisi.

Umbo linalomfaa anayeanza

Ndege ya mafunzo huwa na bawa lililokaa juu ya kiwiliwili. Bawa hilo huinuliwa kidogo kwenye ncha zote mbili, mfano wa herufi V iliyofunguka sana. Upepo ukiinamisha ndege upande mmoja, umbo hilo huisaidia kurudi sawa yenyewe.

Bawa la kati ya mita 1 na mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha linatosha. Kiwiliwili na bawa hukatwa kutoka kwa ubao mwepesi wa foamu wenye unene wa milimita 5 na kushikanishwa kwa gundi ya kuyeyushwa. Uzito wote, betri ikiwemo, ukibaki chini ya gramu 700 hivi, ndege huruka polepole na kumpa anayeanza muda wa kufikiri.

Vifaa vya umeme ni mota na propela, kidhibiti cha mwendo wa mota, sevo mbili za kusogeza mkia, kipokezi cha mawimbi, rimoti, na betri ya lithiamu ya seli tatu yenye volti 11.1. Sevo moja huelekeza ndege kushoto na kulia. Ya pili huinua na kushusha pua.

Vipimo viwili vya lazima

Cha kwanza ni mizani. Betri ikiwa mahali pake, ndege hubebwa kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa. Inapaswa kutulia vidole vikiwa umbali wa asilimia 25 hadi 30 ya upana wa bawa, kupimia kutoka ukingo wa mbele. Kwa bawa lenye upana wa sentimita 20, hiyo ni sentimita 5 hadi 6. Mkia ukishuka, betri isogezwe mbele. Ndege yenye pua nzito kidogo huruka kwa uvivu, lakini yenye mkia mzito huwa vigumu kuidhibiti.

Cha pili ni mwelekeo wa mkia. Propela iondolewe kwanza, kwani mota ikishtuka inaweza kukata vidole. Mpimaji asimame nyuma ya ndege. Kijiti kikienda kulia, usukani wa mkia nao uende kulia. Kijiti kikivutwa nyuma, sehemu ya mlalo ya mkia iinuke. Kinyume chake ni kosa linaloangusha ndege kwa sekunde chache. Rimoti huwashwa kabla ya kuunganisha betri, na huzimwa baada ya betri kutolewa.

Betri si ya kuchezewa

Betri ya lithiamu ikijazwa vibaya inaweza kuwaka moto. Tumia chaja inayosawazisha seli. Betri ya mAh 2200 ijazwe kwa ampia 2.2, na kila seli isipite volti 4.2. Ijaziwe juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia, na asikosekane mtu mzima wa kuiangalia. Betri iliyovimba au kutoboka isitumiwe tena.

Siku ya kuruka

Saa za mapema asubuhi hufaa zaidi kwa kuwa upepo huwa umetulia. Chagua uwanja mpana usio na watu, mifugo wala nyaya za stima, na upate idhini ya mwenye uwanja. Msaidizi huirusha ndege ikiwa sawa, ikielekea upepo unakotoka. Anayeendesha huipandisha hadi mita 30 hivi kabla ya kujaribu kona, ili akikosea awe na nafasi ya kujirekebisha.

Ndege inapomjia anayeiendesha, kushoto na kulia hugeuka, na hapo wengi huchanganyikiwa. Dawa yake ni kusukuma kijiti kuelekea upande ambao bawa limeinama. Dakika tano zinatosha kwa safari ya kwanza. Tua betri ikiwa bado na nguvu.

Sheria

Vyombo vya angani visivyo na rubani nchini husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Kenya, KCAA, chini ya kanuni za mwaka 2020. Wakazi wanashauriwa kuuliza KCAA kuhusu usajili na vibali kabla ya kununua vifaa. Ndege hizi zisirushwe karibu na viwanja vya ndege, barabara, mikutano ya hadhara au makazi ya watu, na daima ziwe mahali zinapoonekana kwa macho.

Anayeshindwa kutimiza vipimo hivi vyote asubuhi hiyo aahirishe safari. Uwanja utakuwepo kesho, na ndege pia.