Je, Wajua? Bustani za Same Hunywa Maji ya Usiku

Je, wajua kwamba wilayani Same, kwenye miteremko ya Milima ya Upare, maji ya bustani hukusanywa watu wakiwa wamelala? Mfereji hujaza ndiva, bwawa dogo la udongo, usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa, maji yashuke kwa nguvu hadi mashambani, kwa zamu; yangeachwa yatiririke kidogokidogo, ardhi kavu ingeyanywa yote njiani.

Faida ya bustani si mazao tu: uchambuzi wa tafiti 22 uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kazi ya bustani hupunguza sonona na wasiwasi. Upareni dawa hiyo huja na jembe la lazima: tope la ndiva huzolewa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya jamii, na mtegaji hutozwa faini.